Ritifaa

Mama alizaliwa na alama moja juu ya jina,
ndogo kama gamba la dagaa lililogandia ukuchani.
Ng'washi.
Bibi alilitamka kwa pua,
hakujua kwamba pua nayo ina maandishi yake.

Karani wa zahanati ya Kayenze alikuwa na taipureta
iliyokufa kitufe hicho tangu masika ya mwaka wa nyuma.
Akapiga: NGWASHI. KE. Kilo mbili na nusu.
Akagonga muhuri. Bibi akashukuru,
akaifunga kadi kwenye pindo la kanga, pamoja na nauli.

Shuleni, mwalimu wa zamu aliita "Gwashi",
na asiyeitika alihesabiwa hayupo.
Mama akajifunza kugawanya,
akajifunza mito ya nchi ambazo hatazifika,
akajifunza kuitika.
Mito aliisahau.

Kiwandani Igogo walimpa 0417.
Miaka kumi na tisa alichuna ngozi ya sangara.
Minofu ilipanda ndege, mapanki yakarudi mtaani kwetu,
na sisi huko Mabatini tukaishi kwa king'ora:
chai ilichemka kwa king'ora, ugomvi ulikatishwa kwa king'ora,
mwezi haukuandama, uliingia benki.
Jumapili nilimkuta amekaa kitandani alfajiri,
mikono inatafuta glavu kwenye shuka.
Mikono ile ilikuwa na baridi hata Februari.
Alipotushika paji la uso kupima homa
sote tulikuwa wagonjwa.

Laini ya pili ilipofungwa walimpa barua na sabuni sita.
Akaenda kudai mafao. Dirisha namba tatu.
"Kuna Ngwashi aliyezaliwa.
Kuna Gwashi aliyemaliza la saba.
Kuna Mwashi aliyekatwa michango.
Mama, wewe ni yupi?"
"Wote."
"Wote hatulipi."

Basi kiapo, wakili wa ngazi za Makoroboi,
picha nne zenye mandhari ya bluu,
barua ya mtendaji, ambaye alikuwa semina,
halafu likizo, halafu amehamishwa.
Miaka miwili mama alikwenda kuthibitisha kuwa ni mama.
Alivaa gauni lile lile kila safari,
wasije wakasema huyu ni wa nne.

Alipolazwa kwa kifua, usiku, umeme umekatika,
nesi Nkwimba alimulika kwa simu, akauliza jina,
akalisikia, akacheka kidogo,
"Ee, kama shangazi yangu,"
akaliandika kwa kalamu juu ya plasta ya mkononi:
Ng'washi.
Alama imesimama pale pale, mahali pake.
Mama aliporuhusiwa hakuitupa plasta ile.
Imo kwenye kopo la sukari, imejikunja, na nywele mbili za mkono.

Mafao yalitoka. Tulipaua nusu ya nyumba.

Mimi sasa ndiye niliyeko nyuma ya kioo.
Si dirisha lile, ofisi nyingine, kioo ni hicho hicho,
na tundu lake linamlazimisha kila mtu kuinama.
Juzi alikuja mzee wa Ukara, Ng'wandu,
kofia mkononi, amelala bandarini asubiri tufungue.
Nikaandika jina lake kama lilivyo.
Maandishi mekundu: alama hairuhusiwi.
Nikarudia. Hairuhusiwi.
Foleni ikakohoa.
Nikamwambia, "Mzee, mfumo umekataa,"
nikalitamka neno mfumo kama mtu anavyotamka mvua,
kama kwamba hakuna mkono ulioutengeneza,
kama kwamba si kidole changu
kilichofuta ile alama na kubonyeza KUBALI.
Akashukuru.

Nina daftari la mistari kwenye droo, chini ya risiti.
Jioni, wenzangu wakishaondoka, naandika humo kwa kalamu
majina ya siku hiyo, kama yalivyosemwa.
Hakuna aliyeniagiza. Halimsaidii mtu kitu.
Mkaguzi akija Juni
atalifungua, atalamba kidole, atageuza kurasa,
atauliza hili nalo ni la kifungu gani.